Jinsi ya Kubuni Ufundi wa Kichawi Uliopotea: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Fantasia

Kitu ambacho hakikuwapo hakiwezi kupotea. Hapo ndipo miswada mingi ya fantasia inapokwama, na wangu wa kwanza ulikwama hapo hapo. Mwandishi anatutajia siri ya watu wa kale, mnara unaong'aa usiku, upanga usioshika kutu. Ukimuuliza upanga huo ulifuliwaje, anasema siri imepotea. Haikupotea. Haikubuniwa tangu mwanzo, na msomaji analihisi hilo hata kama hawezi kulitaja: anaona wahusika wanahangaikia kitu kisicho na uzito.

Njia ninayoieleza hapa inakwenda kinyume na hiyo. Kwanza unaujenga ufundi mzima, kuanzia udongo hadi mteja, mpaka uwe unaweza kumfundisha mwanagenzi wewe mwenyewe. Kisha unatafuta kiungo kimoja unachotaka kukikata, na unakikata hapo tu. Kila kinachobaki baada ya kukata, iwe ni magofu, nyimbo au imani potofu, kitatoka chenyewe kwenye ule ukamilifu wa mwanzo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: watu wa kale waliofinyanga mitungi ya kuhifadhi sauti ya mtu. Ukiweka sikio mdomoni mwa mtungi, unamsikia aliyesema miaka mia mbili iliyopita. Tuwaite wafinyanzi wa mwangwi. Kando ya mfano huo nitaleta mafunzo ya ufundi wa kweli uliopotea hapa duniani, kwa sababu historia imekwisha kutufanyia nusu ya kazi.

Hatua ya kwanza: Anza na shida ya watu

Usianze na ajabu. Anza na shida ambayo ufundi huo uliiondoa, na shida hiyo iwe ya kila siku kadiri unavyoweza.

Mwaka 1952 Mwingereza Michael Ventris alifanikiwa kusoma Linear B, maandishi ya kale ya Kigiriki yaliyokaa kwenye vibao vya udongo vya Krete na Ugiriki kwa zaidi ya miaka 3,000. Waliotarajia mashairi ya mashujaa walikuta hesabu: kondoo wangapi, sufu kiasi gani, mafuta ya nani, magurudumu mangapi mabovu. Kwangu mimi orodha ile ni hazina kuliko utenzi. Inatuambia kwamba maandishi yalikuwapo kwa sababu kulikuwa na ghala na mtu aliyeogopa kuibiwa.

Basi mitungi ya mwangwi ilikuwa ya nini? Ukijibu kwamba ilikuwa ya kuongea na mizimu, umelichukua jibu lililo karibu zaidi. Mimi nasema ilikuwa ya madeni. Watu wale hawakuwa na maandishi. Mtu akikopa ng'ombe au akikubali mpaka wa shamba, alitamka ahadi yake mbele ya joko, na mtungi ukakaa kwa mwamuzi. Ugomvi ukizuka, unafunguliwa. Hapo nimepata mahakama, wakopaji, waamuzi, walaghai wanaobadili sauti zao, na sababu ya mji kulisha wafinyanzi mia moja badala ya mmoja.

Andika sentensi moja: "Kabla ya ufundi huu, watu walikuwa wanashindwa kufanya jambo fulani." Ukishindwa kuimalizia, usiende hatua ya pili.

Hatua ya pili: Uujenge mchakato wote, mkono kwa mkono

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kote, maana hatua zinazofuata zinakula akiba utakayoiweka hapa.

Ufundi wowote una malighafi, zana, mpangilio wa kazi, na dalili ambazo fundi anazitazama ili ajue mambo yanakwenda sawa. Hizo dalili ndizo waandishi wanazisahau. Mpishi hujua mafuta yamepata moto kwa sauti. Mhunzi hujua chuma kimeiva kwa rangi. Uchawi nao uwe na rangi yake, harufu yake, mlio wake.

Tazama rangi ya buluu ya Misri ya kale. Ni miongoni mwa rangi za kwanza kabisa kutengenezwa na binadamu, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Vitu vyake ni vya kawaida mno: mchanga, chokaa, shaba na magadi. Lakini lazima vichomwe kati ya nyuzijoto 850 na 1,000 hivi, kwa saa nyingi, bila moto kuyumba. Moto ukipungua hupati rangi. Ukizidi, mchanganyiko unageuka kitu kingine. Uchawi wote ulikuwa kwenye kuutawala moto. Baada ya enzi ya Warumi ujuzi huo ulififia, na kuta za kale zikabaki na buluu ambayo hakuna aliyejua kuichanganya.

Au tazama kikombe cha Lycurgus, kioo cha Kirumi cha karne ya 4 kilichoko British Museum. Mwanga ukikipiga kwa mbele, ni kijani. Ukiweka taa ndani yake, kinawaka wekundu. Sababu yake ni chembe ndogo mno za dhahabu na fedha ndani ya kioo, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona kabisa. Aliyekitengeneza hakuwa na namna ya kuziona chembe hizo. Alijua tu kwamba ukifanya hivi, inakuwa hivi. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Sasa niuandike mchakato wa mitungi yangu kama ninavyouweka kwenye daftari, si kama nitakavyouweka kwenye riwaya.

Udongo unachimbwa chini ya maporomoko ya mto, mahali ambapo maji hayanyamazi usiku wala mchana, na unachimbwa wakati wa kiangazi mto ukiwa umeshuka. Unalowekwa, unachujwa mawe na mizizi, kisha unakandwa kwa miguu mitupu. Katika kila vipimo kumi vya udongo, mfinyanzi anatia kipimo kimoja cha unga wa vigae, yaani mitungi mikongwe iliyovunjwa na kusagwa. (Wafinyanzi wa kweli hufanya hivi pia: vigae vilivyosagwa hupunguza nyufa wakati wa kuchoma.) Hakuna gurudumu. Udongo unaviringwa kama kamba na kupandishwa mzunguko juu ya mzunguko, na ndani mtungi unalainishwa kwa dole gumba peke yake, hivyo unabaki mfereji mwembamba unaozunguka kutoka chini hadi mdomoni. Unakaushwa kivulini mwezi mzima.

Siku ya kuchoma, joko linawashwa kwa matete, kisha kwa kuni ngumu. Wanagenzi wanaimba wimbo wa beti arobaini. Ubeti wa mwisho ukiisha, anayetoa ahadi anasema maneno yake kupitia mrija wa udongo unaoingia jokoni, tundu linazibwa kwa matope, na kwa siku mbili hakuna anayezungumza karibu na hapo. Dalili ya kufaulu: mtungi ukipoa na ukiugonga kwa ukucha, haulii. Mtungi wa kawaida unalia. Huu unakaa kimya, kwa sababu umeshiba.

Angalia wimbo ule unafanya nini. Ni saa. Watu wasio na saa walipima muda kwa vinywa vyao. Hata Ulaya ya zama za kati, maelekezo ya kupika dawa yalimtaka mtu achemshe kwa muda wa kusali sala fulani mara kadhaa. Ukiweka katika mchakato wako kitu kinachoonekana kama ibada na kumbe ni kipimo, umejiwekea hazina ya kuchimbwa baadaye na mhusika wako.

Usiridhike mpaka ujue pia kazi inaharibikaje. Mtungi ukichomwa haraka, unapasuka. Ukichomwa kupita kiasi, unalegea na kukaa kama mtu aliyechoka. Udongo ukitoka mbali na maporomoko, sauti inasikika lakini maneno hayashikiki. Kila kosa liwe na sura yake, kwa maana sura hizo ndizo zitakazomwongoza anayekuja kuufufua ufundi.

Hatua ya tatu: Bei

Uchawi usiogharimu kitu haupotei. Kwa nini mtu auache? Bei inaweza kuwa ya mali. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono wa baharini 12,000 kupata gramu 1.4 tu za zambarau ya kale, ile rangi ya wafalme. Tazama tarakimu hizo na utaelewa kwa nini ilikuwa ya wafalme.

Lakini bei nzuri zaidi kwa hadithi ni ile inayogusa namna ufundi unavyorithishwa. Kwangu mimi, kila mtungi unachukua kidogo cha sauti ya mfinyanzi aliyeufinyanga. Kijana haoni tofauti. Akifika miaka hamsini, sauti imekuwa ya kukwaruza. Akizeeka, ni bubu. Kwa hiyo mafundi wakuu wote wa mji ni mabubu. Wanafundisha kwa kushika mkono wa mwanagenzi na kuukandamiza kwenye udongo. Wanaoimba jokoni ni vijana peke yao, kwa kuwa wazee hawawezi. Sikuongeza kitu kipya hapo. Niliisukuma bei mbele tu, nikaona inakofika.

Hatua ya nne: Nani anajua nini

Chora ramani ya ujuzi. Si lazima fundi mmoja ajue yote, na mara nyingi hajui.

Moto wa Wagiriki, silaha ya moto ya vita vya baharini, ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Mapokeo yanasema uliletwa Constantinople (Istanbul ya leo) karibu mwaka 672 na fundi aitwaye Kallinikos aliyekimbia kutoka Shamu. Ulirushwa kwa mirija kutoka merikebuni, ukawaka hata juu ya maji. Katika karne ya 10 Kaizari Constantine VII alimwandikia mwanawe akimwonya asiwape wageni siri hiyo kamwe, akidai kwamba malaika ndiye aliyeileta. Siri ikatunzwa vizuri sana, hata ikawaponyoka wenyewe. Mpaka leo wataalamu wanabishana moto huo ulikuwa na nini ndani yake. Na ona kwamba hata mtu akiupata mchanganyiko wenyewe, bado hana mtambo wa kuupasha moto, wala pampu, wala mabaharia waliozoea kuuendesha bila kujiunguza. Ujuzi ulikuwa vipande vingi mikononi mwa watu wengi.

Upande wa pili kuna hekalu la Ise huko Japani, ambalo hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013. Katika muda huo kijana aliyebeba mbao mara iliyopita amekuwa fundi, na fundi amekuwa mzee wa kusimamia. Jengo halidumu, mikono ndiyo inayodumu. Kama katika ulimwengu wako kuna ufundi uliopotea, weka karibu yake ufundi mwingine uliosalimika kwa njia kama hii, ili msomaji aone kwamba kupotea hakukuwa ajali ya lazima.

Katika mfano wangu ramani ni hii: wachimbaji wanajua udongo, mabubu wanajua kufinyanga, wanagenzi wanajua wimbo, na kuna wanawake watatu au wanne wanaosaga vigae nyuma ya karakana, kazi inayoonekana duni. Hakuna anayejua kwamba bila unga wao sauti haishiki. Wote wanadhani unatiwa ili mtungi usipasuke.

Hatua ya tano: Chagua mahali pa kukata

Mwandishi anayeanza hukimbilia volkano au gharika. Sikukatazi, ila fikiri: maafa huua watu wengi kwa siku moja, na bado fundi mmoja aliyekuwa safarini anatosha kuuanzisha ufundi mji mwingine. Ufundi mwingi wa kweli ulikufa polepole, kitandani, huku watoto wa fundi wakifanya kazi nyingine.

Unaweza kukata kwenye malighafi. Chuma pua cha kalibu kilichotoka India ya kusini na Sri Lanka kilizaa panga maarufu zenye mawimbi usoni mwake. Mafundi walipoacha, wengi walijaribu kuziiga wakashindwa. Mwaka 1998 John Verhoeven na mfua panga Alfred Pendray walieleza kwamba mawimbi yale yanahitaji kiasi kidogo mno cha metali kama vanadiamu, iliyokuwamo katika mawe ya chuma ya machimbo fulani. Kama maelezo yao ni sahihi, machimbo yalipobadilika, fundi alifanya kila kitu kama baba yake na mawimbi hayakutokea. Hebu fikiria huzuni ya mtu huyo. Hajakosea popote.

Unaweza kukata kwenye kile ambacho mafundi wenyewe hawakukijua. Mfano wa kutisha si wa kale hata kidogo. Marekani iliwahi kutengeneza kemikali ya siri ya silaha za nyuklia iitwayo Fogbank, ikaacha, na ilipotaka kuitengeneza tena miaka ya 2000 ikashindwa, ingawa ilikuwa na kumbukumbu na maabara bora zaidi. Ikaja kugundulika kwamba malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani, na uchafu huo ndio uliofanya kazi. Mitambo mipya ilisafisha vizuri mno. Waliofanya kazi zamani hawakuwa wamejua, kwa hiyo hawakuandika.

Na kuna kupotea ambako hakuna anayekuona. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia maji ya malimau mwaka 1795 na kiseyeye kikapungua sana. Katika karne ya 19 likahamia kwenye ndimu, zenye vitamini C kidogo zaidi. Meli zilikuwa zimeanza kwenda kwa mvuke, safari zimekuwa fupi, hivyo udhaifu wa ndimu haukuonekana. Tiba ilikuwa imepotea huku kila mtu akiamini anayo, mpaka safari ndefu za nchi za barafu zilipowarudishia ugonjwa ule ule. Ukitaka mkasa wa kweli katika riwaya yako, chukua njia hii: ukuta wa kichawi unaoulinda mji ulikufa miaka themanini iliyopita, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeushambulia.

Chagua njia moja kuu na moja ya kuisaidia. Usizirundike zote, msomaji akipewa sababu tano hashiki hata moja.

Mimi nimekata kwenye unga wa vigae. Ukaja utawala mpya ulioistahi mitungi kupita kiasi. Ukaitangaza kuwa vitu vitakatifu, ukapiga marufuku kuivunja, ukaamuru kila mtungi uzikwe mzima pamoja na mwenye sauti. Kabla ya hapo mitungi ya madeni yaliyolipwa ilivunjwa na kusagwa. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Hawa walifanya zaidi ya kula, vigae ndivyo vilivyokuwa chachu yao. Kila mtungi mpya ulibeba ndani yake chembe za mitungi ya zamani, kama unga unaoumuliwa kwa kipande cha donge la jana. Marufuku ilipotangazwa, wale wanawake wasagaji waliachishwa kazi, na hakuna aliyewalilia. Kizazi kimoja baadaye mitungi ikaanza kulia ilipogongwa. Mafundi wakasema tumeikosea miungu. Wakaongeza heshima, wakazika zaidi.

Njia ya kusaidia: wanagenzi wakakimbia kazi isiyolipa, na mabubu wakabaki bila mtu wa kuwaimbia.

Hatua ya sita: Panga masalio

Sasa gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu: kilichobaki, watu wanachoamini juu yake, na ukweli. Kilichobaki kiwe kidogo. Waandishi wengi huwaachia wahusika kitabu kizima cha maelekezo. Hapo ufundi haukupotea, umehifadhiwa tu mahali pagumu kufika.

Mtambo wa Antikythera, kazi ya mafundi wa Ugiriki ya kale, uliibuliwa baharini na wapiga mbizi wa sponji mwaka 1901. Ni shaba iliyooza, vipande 82, na magurudumu 30 yanayojulikana, yote yenye meno. Ilichukua zaidi ya karne nzima ya kuuchunguza, hatimaye kwa picha za eksirei, kuelewa kwamba ulikokotoa mwenendo wa jua na mwezi na kutabiri kupatwa kwake. Kitu kimoja, kimevunjika, bila maelekezo ya namna ya kukitengeneza. Masalio ya kweli yanakuwa hivyo.

Lugha nayo ni masalio. Maandishi ya mwisho yanayojulikana ya hieroglifu, yaani maandishi ya picha ya Misri ya kale, yalichongwa Philae huko Misri mwaka 394 BK, na ukimya ukadumu mpaka Mfaransa Champollion alipoyafungua mwaka 1822. Kwa Meroe, ufalme wa kale wa Sudan, hali ni ya ajabu zaidi: Francis Griffith alitambua sauti za herufi zake mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo tunaweza kuyatamka maandishi yao kwa sauti, lakini maneno mengi hatujui yana maana gani. Mhusika wako anaweza kusoma mwito wa kichawi wote bila kukosea hata silabi, na asijue kama anaita mvua au anahesabu mbuzi. Na vile vibao vya Linear B vilidumu kwa nini? Havikuwa vimechomwa. Majumba yalipoungua, moto ndio uliovikausha vikawa vigumu. Moto ulioangamiza ndio uliohifadhi. Mambo kama hayo huwezi kuyabuni ukiwa umekaa kitako, yakope.

Ukurasa wangu una mambo manne tu. Kuna mitungi mizima makaburini, ambayo wenyeji wanaamini imefungia roho, kwa hiyo hakuna anayeigusa. Kuna wimbo wa beti arobaini, sasa ni wimbo wa kubembelezea watoto, nao umepunguzwa kasi karibu mara mbili, kwa sababu mtoto halali kwa wimbo wa haraka. Kuna msemo "amenyamaza kama mtungi", unaotumika kwa mtu mwaminifu, na hakuna anayekumbuka ulikotoka. Na kuna ukoo unaodharauliwa, wajukuu wa wanawake wasagaji, ambao mpaka leo husaga kigae kimoja siku ya harusi na kukitupa mtoni, na ukiwauliza sababu watakwambia ni mila.

Hatua ya saba: Ufufuo, na makosa yake

Ufufuo wa kweli hauji kwa mhusika kufumbua macho na kuelewa. Unakuja kwa kushindwa, na kila kushindwa kuwe na habari ndani yake.

Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery walifanya kazi na wazee wa Kihaya, magharibi ya Ziwa Victoria nchini Tanzania. Wazee hao waliwahi kuyeyusha chuma ujanani, kisha kazi ikafa baada ya chuma rahisi kutoka nje kuingia. Wakajenga tanuri upya kwa kumbukumbu zao. Mwanzoni hawakufaulu, ilibidi kujaribu tena na tena mpaka mikono ikumbuke. Tanuri lilipokubali, lilitoa joto kali mno, na watafiti wakaeleza katika makala ya mwaka 1978 kwamba mirija ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ikapata moto kabla haijafika kwenye makaa. Unapoandika tukio la ufufuo, waweke wazee kama hao mbele: si wenye hekima ya mafumbo, bali watu wanaobishana kama matete yawekwe kwanza au baadaye.

Kuna somo jingine katika zege la Warumi, lile lililoshikilia kuba la hekalu la Pantheon mjini Roma lenye upana wa mita 43 tangu karne ya 2. Ndani yake kuna mabonge meupe ya chokaa. Kwa muda mrefu yalichukuliwa kuwa alama ya uchanganyaji wa kizembe. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba mabonge hayo ndiyo yanayoziba nyufa maji yanapopenya. Weka jambo kama hilo: kitu ambacho kila mtaalamu wa ulimwengu wako anakiona kuwa uchafu au uzembe wa watu wa kale.

Pangilia makosa kabla ya kuandika. Kwangu ni haya. Mhusika, msichana wa mfinyanzi wa vyungu vya kawaida, anatumia udongo wa karibu na nyumbani. Anapata mtungi unaonong'ona bila maneno. Anagundua maporomoko. Mara ya pili anaimba wimbo kama alivyoimbiwa na bibi yake. Mtungi unalegea jokoni. Joto limezidi. Inamchukua muda kuelewa, mpaka siku anapowaona wachukuzi wakiimba ule ule wimbo wakipanda mlima, kwa kasi ya hatua zao. Mara ya tatu mtungi unatoka mzima, umbo safi kabisa, na akiugonga unalia. Hapa ndipo wengi wangemwacha, kwa kuwa amefanya kila kitu sawasawa. Anakosa kigae.

Hatua ya nane: Kuweka ukurasani

Katika yote uliyoyaandika daftarini, riwaya itahitaji kama sehemu ya tano. Zilizobaki zinafanya kazi zikiwa zimefichwa, kama mawe ya msingi.

Majina yape uzito wa kazi. Usimwite kila mtu Mlinzi wa Siri. Mwite msagaji, mchimbaji, mwimba joko. Zana nazo ziwe na majina mafupi ambayo mtu mwenye haraka angeyatamka. Maelezo ya mchakato yatoe kupitia mikono inayofanya kazi, si kupitia mzee anayehutubia. Na usimwambie msomaji ukweli wa kila salio. Kwangu, msemo wa "amenyamaza kama mtungi" hautaelezwa popote. Msomaji atakayeukumbuka pale ukucha wa msichana unapogonga udongo atakuwa amelipata mwenyewe.

Jambo la mwisho la kuamua ni ufundi uliofufuka utakuwa nini, kwa kuwa haurudi ulivyokuwa. Buluu ya Misri ilipochunguzwa upya, ikagundulika kwamba ikimulikwa hutoa mwanga usioonekana kwa jicho bali kwa kamera maalumu, na sasa wataalamu huutumia kuzitambua rangi zilizofutika kwenye sanamu za kale. Wamisri hawakuwahi kuliona hilo.

Kwa mitungi yangu, uamuzi ulikuwa mgumu kuliko yote, na niliufanya kabla sijaandika sura ya kwanza. Ili apate unga, msichana lazima avunje mtungi mzee. Kila mtungi mzee una sauti ya mtu, na ukivunjwa sauti hiyo imekwisha. Nilihitaji kujua ni mtungi upi na ni sauti ya nani. Nikachagua mtungi wa deni dogo, mtu asiyejulikana na yeyote, anayeahidi kurudisha jembe kabla ya mvua. Msichana anausikiliza usiku kucha, anarudia maneno yale mpaka anayashika yote pamoja na kikohozi kilichomo katikati. Asubuhi anawaita wale wa ukoo wa wasagaji, anawapa jiwe.